Chini ya Bahari kwa Heshima ya Ogembo

Jumapili, 1 Februari 2026

Leo nimetoa neno. Neno kubwa!

Mzee wa kanisa Mokua alikuja dukani kwangu kukodi viti na mahema ya kongamano la vijana. Litafanyika Nyamira, Sabato ya tarehe ishirini na moja. Mada ya mwaka huu ni Ujasiri. Nikamuuliza mzungumzaji ni nani. Akasema Nyasani. Tena!

Nyasani alipanda Mlima Kenya mara moja. Tangu siku hiyo hajashuka. Anatembea na fimbo ya mlimani hata sokoni Ogembo. Mfukoni anabeba jiwe alilookota kileleni, na kabla hujamaliza kumsalimu limeshafika mkononi mwako. Mazishi, harusi, mkutano wa wakulima wa chai: lazima tusikie jinsi hewa ilivyokuwa nyembamba kule juu. Na kipaza sauti anachotumia ni changu! Mimi, Manasseh Nyangate, mwenye mahema na spika bora kusini mwa Kisii, ninakaa nyuma nikimwongezea sauti.

Nikamwambia Mokua kwamba kupanda mlima si ujasiri, ni kuchoka tu. Ujasiri ni kushuka. Akauliza kushuka wapi. Mdomo wangu ukajibu kabla sijaushauri: chini ya bahari, mpaka kwenye meli iliyozama. Mwezi huu huu!

Mokua aliweka kikombe chini. Akasema nikishuka kweli, mzungumzaji ni mimi.

Nimeshinda. Limebaki jambo dogo la kwenda.

Jumatatu, 2 Februari

Mke wangu Edinah hajafurahia ushindi. Ameuliza mtu anayeogopa kuvuka mto Gucha mvua ikinyesha atashukaje baharini. Nikamkumbusha kwamba tuna mtoto kule. Binti yetu Purity anafundisha watalii kupiga mbizi, pwani ya kusini. Anawavisha mitungi ya hewa na kuwateremsha chini.

Edinah akanikumbusha naye kwamba Purity alipoacha masomo ya uuguzi na kushika kazi hiyo, nilikataa kula kuku wake wa kuaga. Na kwamba mpaka leo nawaambia watu yuko kwenye ofisi ya utalii.

Si kweli kwamba niliipinga kazi yake. Nimekuwa nikiiunga mkono kimya kimya, moyoni, ili mtoto asilewe sifa.

Nimempigia Purity simu. Nikamwambia nataka kushuka kwenye meli. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Baba," akasema, "unataka kuja kuona kazi yangu?"

Nikasema ndiyo, ni hilo hasa. Sikumtaja Nyasani, kwa kuwa simu ilikuwa na chaji kidogo. Sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya alipokuwa mdogo. Akasema nije, atanishusha mwenyewe, hataniachia mtu mwingine. Kisha ghafla akawa mwalimu: nipimwe na daktari kwanza, na nizoee maji.

Jumatano, 4 Februari

Daktari mjini Kisii amenipima moyo, mapafu na masikio. Kila kitu sawa. Aliuliza mbona mtu wa Ogembo anataka kwenda chini ya bahari. Nikamuuliza mbona asitake. Akagonga muhuri.

Kisha bwawa la kuogelea la hoteli moja. Sikuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Sisi ni watu wa milima. Mto tunauvukia darajani, kama watu wenye akili. Makori, mwalimu wa pale, alinieleza kwamba ukitulia maji yanakubeba. Nikatulia. Hayakunibeba! Nadhani maji ya Kisii ni mepesi kwa sababu ya baridi. Ya chumvi ni mazito, hilo linajulikana.

Makori alipendekeza upande wa watoto. Nilienda kwa hiari yangu. Nilishika chuma cha ukingoni muda wote, kukijaribu kama kimefungwa vizuri. Kimefungwa vizuri sana.

Ijumaa, 6 Februari

Nimekwenda soko la Daraja Mbili, Kisii, kutafuta vazi. Mzungumzaji hawezi kushuka baharini na kaptura.

Mama mmoja wa mitumba, Persis, alisikia ninachotaka akaniambia nimefika nyumbani. Akaingiza mkono ndani ya marobota mpaka begani, akatoa vazi zima la buluu, suruali na koti pamoja, nene kama godoro, zipu kutoka kitovuni hadi kidevuni. Kifuani limeshonwa mawimbi meupe yenye ncha kali.

"Omogaka," akaniambia, kama tunavyowaita wazee wetu, "ukivaa hii, maji hayatajua kama uko ndani."

Nikamuuliza kama ana hakika ni la kupiga mbizi. Akanionyesha mawimbi. Akauliza mawimbi yanatafuta nini kwenye nguo ya mtu wa nchi kavu. Mwanamke mwenye hoja! Nimelichukua. Nimelijaribu mbele ya kioo. Ninafanana na mtu wa serikali ya mbali.

Jumapili, 8 Februari

Siku mbaya, lakini si kwa kosa langu.

Edinah alikwenda kuchuma chai. Nikajaza pipa la nyuma ya nyumba, nikavaa vazi na miwani ya kuogelea, nikatia mdomoni kipande cha bomba la kumwagilia mboga, nikaingiza kichwa kwenye maji. Zoezi safi! Nilikuwa napumua vizuri, nikisikia moyo wangu kama ngoma. Nikasogea ndani zaidi. Vazi likanywa maji likawa zito. Nikazama hadi kiunoni, miguu juu.

Edinah akarudi, akaona miguu. Alipiga ukemi uliosikika ng'ambo ya pili ya kilima.

Nyasani alifika wa kwanza. Kwa nini Nyasani? Kilima kizima kina watu! Alininasa mshipi kwa fimbo yake ile ile na kunivuta kama ndoo kisimani. Kisha akakaa kando yangu na kuniuliza kwa upole kama kuna jambo linalonisumbua moyoni.

Mokua akafika akaniombea. Nikamweleza kwamba nilikuwa mazoezini. Akaniombea tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.

Jumanne, 10 Februari

Nimefika pwani. Joto la huku linakukumbatia bila kuulizwa.

Purity alinipokea kituoni. Nilimpita! Sikumtambua. Jua limemkoza, mabega yamejaa, anatembea kama mwenye mashamba. Njiani wanaume wa mashua walimsalimu "mwalimu". Mmoja alikuwa amefunga mitungi vibaya. Purity akamwambia neno moja tu, naye akafungua yote kuanza upya. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Nikamwonyesha vazi langu. Akalitazama. Akakaa mchangani. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akawaita wenzake waje nao wacheke.

"Baba, hii ni ya kuteleza kwenye theluji! Na haya si mawimbi. Ni milima."

Milima! Nimebeba milima kutoka Daraja Mbili hadi baharini. Nyasani asijue kamwe.

Jumatano, 11 Februari

Mafunzo bwawani. Purity ni mkali. Nilipoanza kumweleza namna bora ya kuvaa mtungi, aliinua mkono.

"Nyumbani wewe ni baba yangu, na nakuheshimu. Hapa mimi ndiye mwalimu. Ukikataa ninachosema, tutabaki juu tunywe soda."

Niliuweka mtungi chini. Si kwa kushindwa. Nilikuwa nafikiri.

Nimejifunza kupumua kwa mdomo, kutoa maji ndani ya miwani, kuziba pua na kusukuma hewa masikioni. Kupumua nimefanya vizuri, maana nina uzoefu wa miaka mingi. Tatizo ni ishara. Chini ya maji hakuna maneno. Kila aliponiuliza kwa vidole kama niko sawa, nilimwonyesha dole gumba, kama mtu yeyote mwenye adabu. Kumbe kwao dole gumba juu maana yake ni "nipandishe"! Basi ananipandisha. Nauliza mbona tumepanda. Anasema nimeomba. Tumeshuka na kupanda namna hiyo mpaka watalii wakakaa ukingoni kutazama. Ishara ya kuwa sawa ni duara la kidole na gumba, kama unaonyesha tundu la sindano.

Meli yenyewe, kumbe, haikuzamishwa na dhoruba. Ilizeeka, wenyewe wakaizamisha makusudi ili samaki wapate makao. Sikufurahi. Nyamira nitasema dhoruba.

Mwisho akatoa amri: huko chini usiguse kitu, usibebe kitu. Meli ni nyumba ya viumbe. Nikaitikia kwa tundu la sindano.

Lakini mzungumzaji atasimamaje mikono mitupu mbele ya mtu mwenye jiwe? Nina spana kwenye mfuko. Ndogo. Kipande kimoja tu cha chuma, hata msumari, na jiwe la Nyasani litabaki kokoto.

Alhamisi, 12 Februari

Nimeshuka!

Tulikuwa mimi, Purity, na mgeni mmoja mwenye kamera. Nilivaa vazi la kweli, jeusi, linalobana kama deni. Spana niliificha mguuni ndani ya vazi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kama ya kuoga ambayo mtu ameyasahau kwenye beseni. Purity akanishika kwenye fulana ya mtungi na hakuniachia tena. Nikatazama chini. Hakuna chini! Buluu tu. Nikataka kumweleza kwamba nimeacha kitu cha muhimu mashuani. Akaonyesha gumba chini. Tukashuka tukifuata kamba.

Masikio yalibana, nikayasukuma, yakafunguka. Pumzi yangu ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Kisha, polepole, buluu ikawa na kivuli, na kivuli kikawa meli.

Niseme nini? Ililala kiubavu mchangani, kubwa, tulivu, kama ng'ombe anayecheua. Vyuma vyote vimeota vitu laini vinavyopungapunga. Na samaki! Wa manjano, wa milia, wengine wadogo kama majani ya chai yakipeperushwa, wote wakienda huku na huku kama Daraja Mbili siku ya soko, ila bila kelele. Walipita mbele ya uso wangu bila kuomba njia. Kwenye dirisha la chumba cha nahodha palikuwa na samaki mkubwa mwenye midomo mizito, akinitazama kama karani anayejiandaa kwenda kula.

Nikasahau kuogopa. Nikamsahau hata Nyasani.

Nilimtazama Purity. Hakuwa akiogelea, alikuwa akikaa majini, kama mtu sebuleni kwake. Aliinua kidole, yule mgeni akasimama. Akafungua kiganja, mgeni akasogea. Akanionyesha kiumbe kidogo chenye rangi nilichokuwa nikikiona kama uchafu. Nikafikiri: huyu alizaliwa Ogembo, kwenye matope na ndizi, mahali ambapo maji ni ya kuteka. Nani alimwonyesha njia ya kuja hapa? Hakuna. Alijionyesha. Si vizuri kulia ndani ya miwani. Haijifuti.

Hapo ningepaswa kutosheka. Lakini nikaona tundu kwenye ubavu wa meli, na ndani yake kipande cha chuma kilicholegea. Purity alikuwa amegeuka kumtazama mgeni. Nikachomoa spana, nikaingiza mkono.

Kikatoka kichwa. Mkunga! Samaki kama nyoka, mnene kama mkono wangu, mdomo wazi, meno. Alinitazama kwa hasira ya mwenye nyumba. Nikapiga kelele. Chini ya maji mtu hapigi kelele. Anatema kifaa cha hewa. Nikakitema. Maji ya chumvi yakaingia. Nikapiga mateke, sikujua juu ni wapi, buluu yote ikawa moja, na nikajua, kwa utulivu wa ajabu, kwamba nitakufa nikiwa nimevaa vazi la mpira.

Mkono ukanishika kifuani. Mwingine ukanirudishia kifaa mdomoni na kukibonyeza, hewa ikasukuma maji nje. Nikakohoa ndani yake. Purity akaleta uso wake mpaka miwani yetu ikagusana. Macho yake hayakuogopa. Akapumua polepole, akinionyesha kwa mkono: ndani, nje. Ndani, nje. Nikamfuata kama mtoto anayefuata mistari ya kwaya. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Kisha akauliza kwa vidole kama niko sawa.

Nikamwonyesha tundu la sindano. Halafu nikamwonyesha gumba juu. Safari hii nilimaanisha.

Mashuani hakunigombeza. Alinivua mtungi, akanifunika taulo, akageuka kutazama upande mwingine. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

Ijumaa, 13 Februari

Purity amenizuia kusafiri leo. Mtu aliyepiga mbizi hapaswi kukimbilia milimani. Hewa iliyoingia kwenye damu lazima itoke taratibu. Nimempongeza kwa kueleza vizuri.

Asubuhi nilikuta spana yangu mezani, kando ya kikombe cha chai. Aliiokota mchangani, kando ya meli. Nikaitia mfukoni.

Jioni alipika ugali na chinsaga, mboga zetu chungu za Kisii, zilizotumwa na mama yake. Akaniuliza kama sasa nimeona anachofanya. Nikamwambia nilikiona siku zote. Akaniuliza kama nitaendelea kuwaambia watu yuko ofisini. Nikasema ofisi ni neno pana. Akacheka, lakini hakuacha kunitazama.

"Baba, sema tu. Umeipenda?"

Nikamwambia chinsaga zinahitaji maziwa zaidi. Kisha nikamwambia nimeipenda. Akainuka haraka kwenda kutafuta maziwa. Hayakuwepo, na alijua hayakuwepo.

Jumamosi, 21 Februari, jioni

Nyamira. Mahema yangu, viti vyangu, spika zangu, na mbele ya kipaza sauti, mimi! Vijana mpaka nje. Edinah mstari wa mbele na kitambaa kipya. Nyasani nyuma kabisa, karibu na mitambo, akiniongezea sauti.

Nilianza vizuri. Dhoruba iliyoizamisha meli ilipokewa kwa mshangao. Giza la huko chini nililiongeza kidogo. Mkunga, kadiri nilivyosema, aliongezeka unene. Alianza kama mkono, akawa kama paja, akaishia kama mgomba. Nikaeleza nilivyomkazia macho akarudi nyuma. Nikaeleza jinsi binti yangu, mtoto wa kike, alivyoshtuka, na nilivyomshika mkono nikamtuliza.

Makofi! Mokua akasimama, uso unang'aa. Akasema sasa tutaona kwa macho yetu. Edinah alikuwa amempa video aliyotumiwa na Purity, ile ya mgeni mwenye kamera. Edinah mwenyewe hakuwa ameitazama mpaka mwisho, alipenda tu mwanzo wenye samaki. Wakafunga shuka jeupe, mashine ya kuonyesha picha ikawashwa.

Nikatafuta mlango. Hema langu nilishona mwenyewe. Lina mlango mmoja.

Wote wakaona. Spana. Tundu. Mkunga, wa kawaida kabisa. Mimi nikitema kifaa na kupiga mateke kama kuku anayechinjwa. Kicheko kilianza kwa kijana mmoja kikazagaa kama moto wa nyasi. Hata Edinah! Kisha akaonekana Purity akiingia kwenye picha, mkono kifuani mwangu, miwani kwenye miwani. Ndani, nje. Kicheko kikakatika. Nikawasikia watu, naapa, wakipumua pamoja naye. Edinah alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa kipya.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Huyo ni mtoto wangu," nikasema. "Hafanyi kazi ofisini."

Walisimama wote. Walipiga makofi mpaka nguzo zikatikisika, na nguzo zangu hazitikisiki ovyo. Mokua akatangaza kwamba mwaka ujao mzungumzaji atakuwa Purity. Nyasani akaja mbele. Nilijiandaa kwa jiwe. Hakulitoa. Alinipa mkono akasema yeye asingethubutu kuingiza hata kichwa kwenye maji yale, na kwamba nimebarikiwa binti.

Basi nimemshinda! Amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi. Na nani atampokea mzungumzaji wa mwaka ujao na kumtambulisha kwa watu kwa kirefu? Baba yake.

Edinah anasema sikuelewa kilichotokea leo. Nimemwambia nilikuwepo.

Jumatatu, 23 Februari

Naandika haraka, watu wananingoja nje.

Pampu ya maji ya jirani yetu Ogeto imetumbukia kwenye bwawa lake la samaki, kule bondeni. Bwawa lenye kina, maji ya kahawia, hakuna anayejua chini kukoje. Amekuja na vijana kuomba namba ya Purity, amuulize kwa simu namna ya kuitoa. Nikamwambia ya nini kumsumbua mwalimu kazini wakati mzamiaji yuko hapa hapa Ogembo?

Edinah ameshika mlango. Anasema nitapita juu ya maiti yake. Kuna dirisha.

Ogeto ameniuliza kama kweli najua kuogelea. Nimemwambia kuogelea ni kwa watu wa juu ya maji. Sisi wengine ni wa chini.

Nimeshavua viatu.